Etaji Iliyosimama Mbele ya Mwezi

Katungu Jokébed alizaliwa Beni, kwenye nchi tambarare, na alipoolewa Butembo kitu cha kwanza alichokikosa hakikuwa mama yake wala soko la nyumbani. Alikosa sehemu ya chini ya mbingu. Kule Beni, ukisimama nyuma ya nyumba ya baba yake, uliona nyota zikichomoza moja kwa moja kwenye vichwa vya miti ya msitu. Butembo ni vilima juu ya vilima. Nyota za huku, alikuwa akisema, zinatokea zikiwa zimeshakuwa watu wazima, na kabla hujazizoea vizuri kilima kingine kimezimeza.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kimemi, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya na macho yasiyokosa kitu. Mapenzi ya nyota aliyapata alipokuwa anasomea ualimu. Mwalimu wao wa jiografia aliwatoa nje jioni moja, akawapa ramani ya mbingu ya karatasi ngumu, ya kuzungushwa kwa kidole, akawaambia waitafute Orion, kundi la nyota lenye umbo la mwindaji. Wenzake walicheka na kupiga mbu. Jokébed aliitafuta Orion, akaiona, na tangu siku ile hakupita chini ya mbingu bila kuinua kichwa.

Mume wake, Mathe Abdias, alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache na mikono iliyokauka kwa saruji. Walikuwa na watoto watatu, mkubwa wao Débora, msichana wa miaka kumi na mmoja. Nyumba yao ilikaa katikati ya mteremko, na uani kwao ndiko Jokébed alikofanyia kazi yake ya pili, ile isiyokuwa na mshahara. Kila Jumamosi, giza likiingia, watoto wa mtaa na mama zao walikuja kukaa kwenye mabenchi yake, na yeye akawaonyesha mbingu.

Mbingu yenyewe ilikuwa finyu. Upande wa magharibi kulikuwa na kilima chenye mikalitusi, kwa hiyo chochote kilichokuwa kinakwenda kutua kilipotea mapema. Kaskazini jirani mmoja alikuwa na mti wa avoka ambao hakutaka kusikia habari ya kuukata. Kusini kulikuwa na depo ya mbao yenye ukuta mrefu, na kwa sababu sisi tunaishi karibu kabisa na mstari wa ikweta, Msalaba wa Kusini kwetu hauendi juu. Unatembea chini-chini kama mtu anayepita nyuma ya nyumba za watu. Toka uani kwake Jokébed hakuwahi kuuona hata mara moja.

Lakini mashariki ilikuwa wazi. Kiwanja kilishuka kuelekea bondeni, na chini yake palikuwa na kichaka tu na shamba la maharage la mtu. Kila kitu kizuri cha mbinguni kilitokea pale: mwezi mpevu, Kilimia, Orion akiwa amelala ubavu. Mashariki ndiyo iliyokuwa mali yake.

Alipanga jioni zake kwa ngumi. Ukinyoosha mkono mbele yako na kufunga ngumi, upana wa ngumi ile unatosha kupimia mbingu, na nyota inapanda ngumi moja kwa muda wa kama dakika arobaini. Basi mchana wa Jumamosi ungemwona Jokébed anazunguka uani, jicho moja limefungwa, ngumi imenyooshwa kuelekea mti wa avoka, kisha kuelekea depo, kisha kuelekea kilima, anahesabu kwa midomo. Wapita njia wageni walidhani anatishia mtu. Watoto wa mtaa walimwiga, na kwa njia hiyo wakajifunza.

Katika mama waliokuja, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka alikuwa Emérence. Waliimba pamoja kwenye kwaya. Emérence alikuwa mdogo kwake kwa miaka michache, mcheshi, mwenye kucheka kwa mwili mzima, mke wa Syauswa, mnunuzi wa kakao aliyekuwa akienda Beni na Oicha na kurudi. Miaka ilikuwa imepita tangu ndoa yao na mtoto hakupatikana. Wanawake wengine wa mtaa waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama huyu na Mama yule. Yeye aliitwa Mama Emérence, kwa jina lake mwenyewe. Kila Jumamosi alikuja na mikate ya moto iliyofungwa kwenye kikwembe, kitenge chake, akawagawia watoto wa watu wengine, akakaa chini kati yao.

Shamba la maharage lilipotangazwa kuuzwa, ni Jokébed mwenyewe aliyekwenda kumwambia.

"Emérence, ile parcelle ya chini inauzishwa. Kuyeni mununue, tukuwe majirani."

"Kweli, yaya? Nitamuambia Syauswa leo-leo." Yaya, dada mkubwa, ndivyo alivyozoea kumwita.

Walinunua. Walijenga nyumba ndogo ya mbao, na mwaka mzima wanawake wale wawili walikuwa wakiitana kupitia uzio wa matete, wakiazimana chumvi na makaa. Kisha bei ya kakao ikapanda kwa namna ambayo hata wazee wa biashara hawakuwahi kuiona, na Syauswa akawa mtu mwingine. Alinunua gari la mizigo. Alibomoa nyumba ya mbao. Akasema atajenga etaji, nyumba ya ghorofa.

Na mwashi aliyemwajiri alikuwa Abdias.

Jokébed hakuweza kusema kitu, kwa sababu kazi ile ndiyo iliyokuwa inaleta unga nyumbani. Lakini kila jioni mume wake alipopanda mteremko, saruji kwenye nyusi zake, alimwangalia kama mtu anayemwangalia mwizi aliyerudi kula chakula cha usiku. Siku moja, ukuta wa ghorofa ya kwanza ulipokuwa umekwisha, alimwomba apande kwenye jukwaa la miti na kuinua fito mpaka mahali ambapo jengo lingeishia.

Abdias alipanda. Alifunga kitambaa chekundu kwenye ncha ya fito, akaiinua.

"Ni hapo?" Jokébed aliita, mkono umenyooshwa, jicho limefungwa.

"Ni hapa, pamoja na ukuta kidogo ya kuzuia batu hapana anguka."

Jokébed aliweka ngumi juu ya ngumi. Alirudia mara ya pili akitumaini kwamba mkono ulikuwa umetetemeka.

"Ngumi tatu na nusu, Papa Débora. Unanijengea juu ya macho."

Abdias alishuka polepole, akailaza fito yake chini, akaja mpaka kwenye uzio.

"Mama Débora, miye ni mutumishi tu. Kama si miye, atajenga mwengine, na atajenga vibaya."

Basi Jokébed alifanya alichoweza. Alihamisha mabenchi. Kadiri alivyorudi nyuma kuelekea magharibi, ndivyo ukuta wa etaji ulivyopungua urefu machoni. Mahali pa mwisho kabisa, ambapo mashariki ilizibwa kwa ngumi mbili na nusu tu, palikuwa kando ya choo. Alipafagia, akamwaga majivu, akapanda maua ya njano kando ya mlango wa mabati, na Jumamosi ile akawapokea watu pale kama vile alikuwa amepachagua kwa kupenda. Débora peke yake aliziba pua, na mama yake akamfinya.

Etaji ilikwisha katikati ya mwaka. Ghorofa mbili, rangi ya maziwa, vioo vya bluu, na juu kabisa dali, sakafu ya zege iliyo wazi pande zote, yenye ukuta mfupi unaofika kiunoni. Mwezi uliofuata Syauswa alirudi kutoka Kampala na darubini ndani ya sanduku refu. Alikuwa amemnunulia mke wake.

Emérence alikuja mbio uani kwa Jokébed.

"Yaya, kuya uone! Iko na miguu tatu! Donc, sasa posho tutafanya juu. Kule hakuna muti, hakuna kilima, hakuna kitu. Utatufundisha vizuri!"

Jokébed alitabasamu kwa meno. Alisema posho hiyo, yaani Jumamosi ile, ana daftari za wanafunzi za kusahihisha. Jumamosi iliyofuata kichwa kilimuuma. Ya tatu alisema magoti yake hayapendi ngazi. Emérence aliendelea kualika, kisha akaanza bila yeye, kwa sababu watoto walikuwa wameshamzunguka wakimwomba.

Wivu ni mgeni asiyebisha hodi. Kwanza Jokébed alijiambia kwamba anawahofia watoto wasianguke. Baadaye alijiambia kwamba darubini inawazoeza uvivu, mtoto anaelekezewa mahali pa kuchungulia na hajui hata nyota ile imetokea upande gani. Aliyasema haya kwa mama wengine mtoni na kanisani, kwa sauti ya mtu anayesikitika. Lakini jioni, akiwa amekaa kwenye benchi lake kando ya choo na watoto wanne au watano waliobaki, alisikia vicheko kutoka juu, akasikia "Ooo!" ya watoto ishirini kwa pamoja, na moyo wake ukabanwa kama kidole kwenye mlango. Alijua wanaangalia nini. Sayari ya Saturne, yenye pete, ilikuwa inachomoza majira yale. Wao waliiona mara tu inapotoka bondeni. Yeye angeingoja zaidi ya saa nzima mpaka ivuke ukuta, na wakati huo watoto wangekuwa wamelala.

Siku moja Débora naye alikwenda. Hakuomba ruhusa. Alirudi macho yanang'aa, akaingia jikoni.

"Mama, nimeona Saturne! Iko kama ushanga ku sindano! Tantine Emérence amenishikilia kichwa hivi, ili nisitikisike."

"Vizuri," Jokébed alisema, akaendelea kuchagua maharage. "Nenda ulale."

Tantine amenishikilia kichwa. Neno lile lilikaa ndani yake siku nyingi. Angeweza kumsamehe Emérence kwa dali na kwa darubini. Lakini mkono ule kwenye nywele za Débora, nywele alizozisuka yeye, ulimkosesha usingizi.

Mwishoni mwa Agosti habari zilianza kuenea kwamba mwezi utapatwa. Jokébed alikuwa akijua zamani. Alijua kuwa ni Jumapili ya tarehe saba Septemba, na alikuwa ameshafanya hesabu zake. Mwezi ungechomoza jua linapozama, ukiwa mzima. Ungeanza kuliwa muda mfupi baadaye, ukiwa bado chini kabisa, mashariki, nyuma ya etaji. Ngumi mbili na nusu ni zaidi ya saa moja na nusu. Kwa hiyo toka uani kwake wasingeona ukiumwa hata kidogo. Ungekuja kutokea juu ya ukuta ukiwa umeshamezwa wote, mwekundu. Alipanga namna ya kuigeuza hasara ile. Angewakalisha watoto gizani, angewasimulia juu ya kivuli cha dunia, angewaimbisha, na wakati uleule ambao wangeanza kuchoka mwezi wa damu ungechungulia juu ya etaji kama kwa amri yake. Hata wale wa dali wangesikia kelele na kutamani.

Isipokuwa wale wa dali wangekuwa wameuona tangu mwanzo.

Jumapili iliyotangulia, baada ya ibada, Emérence alimshika mkono mbele ya kanisa.

"Yaya, nasikia mwezi itakuliwa. Bengine banasema juma hii, bengine banasema mwezi wa kumi. Weye ndiye unajua. Ni siku gani?"

Jokébed alisimama na Biblia yake kifuani. Baadaye alikumbuka kwamba hakufikiri. Jibu lilitoka lenyewe, laini, kama mate.

"Ni lundi. Lundi tarehe munane, magaribi. Mais hapana sumbuka sana, hapa kwetu itaonekana kidogo tu."

"Aa, hata kidogo! Nitaita batoto yote lundi. Na weye, mara hii utapanda?"

"Tutaona."

"Wasingya, yaya," Emérence alisema, asante ya Kinande ya kutoka moyoni, akamkumbatia.

Wiki ile Jokébed alifundisha vizuri kuliko kawaida. Ijumaa aliwaambia wanafunzi wake wa mtaani, mmoja mmoja, kwamba Jumapili jioni waje kwake, na wasipige kelele njiani, ni jambo la kushangaza watu. Débora alimkazia macho.

"Na tantine Emérence?"

"Tantine iko na yake siku ingine."

Jumapili mvua ilinyesha mchana, ikakatika saa kumi, na mbingu ikabaki imeoshwa. Watoto walikuja wengi, wengine wakiwa bado na nguo za kanisani. Mabenchi yalijaa, waliobaki wakakaa juu ya mikeka na magunia. Jokébed alisimama mbele yao, mgongo wake kwa etaji, akajisikia tena kama siku za mwanzo. Jua lilizama nyuma ya mikalitusi. Nyuma ya ukuta wa rangi ya maziwa, wote walijua, mwezi ulikuwa unapanda bila wao kuuona.

Alikuwa anawaonyesha kwa chungwa na taa ya mkononi jinsi kivuli kinavyoingia, ndipo kelele zilipoanza upande wa barabara. Watu wa chini waliokuwa na bonde mbele yao walikuwa wanaitana. Mtoto mmoja aliuliza kama haiwezekani kwenda barabarani kuangalia. Jokébed akamjibu kwamba barabarani kuna pikipiki, akae chini.

Kisha lango la uani likafunguka kwa kishindo. Emérence aliingia anahema, kikwembe amekishika kwa mkono mmoja, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna.

"Yaya! Yaya Jokébed! Toka mbio! Mwezi imeanza kuliwa! Haiko lundi, ni leo, ulikosea siku! Nilikuwa juu naanua nguo, nikaona, nikasema masikini yaya, itamupita! Kuya..."

Hapo akawaona watoto. Aliangalia mabenchi. Aliangalia chungwa na taa mkononi mwa Jokébed. Watoto wote walinyamaza, hata wadogo, kwa jinsi watoto wanavyojua mambo ya wakubwa yanapoharibika.

"Ulijua," Emérence alisema polepole.

Jokébed aliizima taa, kama vile giza lingemsaidia.

"Nilijua."

"Na uliniambia lundi."

Emérence alifunga kikwembe chake vizuri, akakaza fundo. Alipozungumza tena hakumwangalia yeye, aliwaangalia watoto, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, jambo lililokuwa baya kuliko matusi.

"Batoto, kuyeni. Bado inaliwa, munaweza kuiona. Mupande polepole, musisukumane ku ngazi."

Watoto walimtazama mwalimu wao. Hakuna aliyesogea. Kisha Débora alisimama, akapita mbele ya mama yake bila kuinua macho, akamfuata Emérence langoni. Wengine wakamiminika nyuma yake. Kwa muda mfupi uani hapakubaki mtu, ila mikeka na magunia na harufu ya mvua.

Abdias alitoka jikoni. Alikuwa amesikia yote. Alikaa kwenye benchi tupu, akamwachia mke wake nafasi, na Jokébed akakaa. Juu ya etaji vichwa vya watoto vilianza kuonekana, vidogo, vimejipanga kando ya ukuta mfupi.

"Mama Débora, nitakuambia kitu," Abdias alisema. "Syauswa alitaka etaji tatu. Msingi tuliweka ya etaji tatu, nguzo ziko za etaji tatu. Alitaka ile ya juu apangishe batu. Emérence alikataa. Balibishana mbele yangu, siku mbili. Alimuambia bwana yake: ukiongeza moja, yaya hapana ona tena kitu, hata akikaa mpaka ku choo."

"Alisema ku choo?"

"Ni vile alisema. Donc Syauswa akaacha."

Jokébed alikuwa ameukunja upindo wa kikwembe chake mkononi, anaukunja na kuukunjua.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema utaona haya, na utaacha kupanga nyota zako."

Kutoka juu ilikuja ile "Ooo!" yao, ndefu, na safari hii haikukatika upesi. Jokébed alijaribu kujuta na akajuta kweli, lakini chini ya majuto wivu ulikuwa bado unauma palepale, kwa maana wao walikuwa wanaona na yeye hakuwa anaona. Alimwambia Abdias hivyo. Alimwambia, "Hata sasa, Papa Débora. Hata sasa naona wivu." Abdias hakumkaripia. Alisema tu kwamba baridi inaingia, akaenda kumletea koti.

Mwezi ulivuka ukuta wakati uleule aliokuwa ameupiga hesabu. Ulitokea kati ya vichwa viwili vya watoto, mwekundu mzito, rangi ya udongo wa matofali kabla hayajachomwa. Ulikuwa mzuri kuliko alivyofikiri. Aliutazama kwa dakika chache, kisha akaingia ndani, akalala na nguo zake.

Alfajiri alikwenda chini kabla ya shule. Emérence alikuwa anafua nguo mbele ya etaji, povu mpaka viwikoni. Hakuacha kufua.

"Nimekuja kuomba musamaha," Jokébed alisema. "Nilikudanganya. Ni wivu tu. Hakuna kitu ulinifanyia."

"Najua hakuna."

"Abdias ameniambia juu ya ile etaji ya tatu."

Emérence alikamua shati, akalitupa kwenye beseni jingine.

"Mwezi haikunikasirisha, yaya. Hata kama nisingeiona, ningeishi. Lakini nilikimbia na kiatu moja. Nilikimbia juu yako, ili usikose kuiona. Na batoto balikuwa pale, banajua yote, banakaa kimya, banangoja niondoke. Weye uko na batatu ndani ya nyumba. Miye niko na bale ba posho tu. Ulinifanya mujinga mbele yabo."

Jokébed aliingiza mikono kwenye beseni, akaanza kusuuza. Emérence alimwacha asuuze nguo mbili, kisha akayamwaga maji ya beseni chini, taratibu.

"Nitasamehe," alisema. "Mais leo hapana. Enda kazini."

Basi ikawa hivyo. Septemba ikapita, Oktoba ikapita na mvua zake. Kwenye kwaya waliimba wakiwa wamekaa mbalimbali. Jumamosi Jokébed hakuweka mabenchi tena. Aliwaambia watoto waliokuja kwake waende juu, na yeye akabaki uani peke yake akiangalia kile ambacho kilikuwa kinapita katikati ya mbingu, mahali ambapo hakuna ukuta wa mtu yeyote unaofika. Débora aliporudi kutoka dali alimsimulia yote, na yeye akauliza maswali. Mwanzoni kila jibu lilimchoma. Alivumilia, kama mtu anayekunywa dawa chungu kwa sababu ameandikiwa.

Mtaani watu walijua, kwa kuwa watoto husema. Mama wengine walimtania kisimani: "Madame, leo ni lundi ao ni dimanche?" Alikubali kutaniwa.

Mwezi wa kwanza ulipoingia na mvua zikapumzika, Emérence alisimama langoni jioni moja. Hakuingia. Alikuwa na mkate uliofungwa kwenye kikwembe.

"Jupiter inatoka jua ikizama, posho hii," alisema. "Batoto banataka kujua zile nyota ndogo kando yake ni nini. Miye niliwaambia bangoje mutu anayejua. Utakuya ao magoti ingali inauma?"

"Magoti imepona," Jokébed alisema.

Alipanda ngazi ambazo mume wake alikuwa amezijenga, na hakuwahi kuzikanyaga tangu zilipokauka. Alipofika juu alisimama tu. Bonde lote lilikuwa chini yake, na mashariki ilikuwa imefunguka mpaka kwenye mgongo wa vilima vya mwisho, bila fito, bila tofali. Kusini, juu ya paa la depo, kulikuwa na mbingu ambayo hakuwahi kuiona tangu aolewe. Aliona wivu mkali sana, akaukaza moyo, akasalimia watu.

Syauswa alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anasinzia. Jupiter ilikuwa imeshatoka, nyeupe na imara. Emérence aliilenga darubini, Débora akamsaidia kukaza miguu yake mitatu, vichwa vyao viwili vikiwa karibu-karibu. Jokébed aliwaangalia mpaka wakamaliza. Kisha akainama, akaweka jicho.

Sayari ilikuwa duara ndogo yenye mistari miwili hafifu, na kando yake miezi yake minne imejipanga kama shanga kwenye uzi. Alikuwa amefundisha habari za miezi ile miaka mingi na hakuwahi kuiona kwa jicho lake. Alisahau watoto. Sayari ilipoteleza nje ya kioo aliisogeza darubini, akaipata, ikateleza tena, akaipata.

"Madame, tuambie," mtoto mmoja alisema.

"Ngoja kidogo."

"Madame, na siye?"

Emérence alianza kucheka, kile kicheko chake cha mwili mzima, ambacho Jokébed hakuwa amekisikia kwa karibu tangu Agosti.

"Yaya, hii ni mara ya ine. Toka, bengine nabo baone."

"Mara moja tu," Jokébed alisema, bila kutoa jicho. "Mara moja tu, Emérence. Usinisukume."